Mkono wa Kushoto na Kizuizi cha Bastola

Kila chombo kilichofanywa na mtu kina mkono uliokusudiwa ndani yake. Mfanyaji aghalabu hautaji mkono huo, wala pengine haufikirii. Hukiunda chombo kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa watu tisa hivi katika kila kumi wana mkono kama wake, chombo hupokewa bila ya swali. Swali huja kwa yule wa kumi. Yeye hukishika chombo kile kile, kwa nia ile ile na nguvu ile ile, na chombo kikamkataa. Wenzake humcheka na kumwita mzito wa mikono. Na akiisha kuitwa hivyo mara nyingi, huanza kusadiki ya kuwa kasoro imo katika mkono wake, si katika chombo.

Mtu wa kumi anayesimuliwa hapa alizaliwa Nyamiaga, katika wilaya ya Ngara, mahali ambapo vilima vimevikwa migomba na mibuni, na ambapo Rwanda na Burundi si majina ya ramani bali ni majirani. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu mwenye sifa ya kukata nguo pasipo kupoteza hata kipande. Mtoto alikuwa mashoto. Alitupa jiwe kwa kushoto, alishika jembe kwa kushoto, na alipoanza kujifunza kula pamoja na wakubwa, mkono wa kushoto ndio uliotangulia kufika katika sahani.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imeipanga mikono kwa daraja. Mmoja ni wa kulia, yaani wa kulia chakula. Huo huo huitwa mkono wa kuume, kana kwamba ni mwanamume kati ya mikono, na mwenzake huitwa mkono wa kuke. Pwani, adabu ya Kiislamu huutaka mkono wa kulia ufike kwanza katika chakula. Na bara pia watoto wengi wameonywa wasimpe mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Adabu hii haina ubaya. Inampa mtoto alama nyepesi ya heshima, na heshima ni tunu. Ubaya uliingia pale adabu ya sahani na salamu ilipotolewa mahali pake ikapelekwa katika kalamu, nyundo na mkasi, ambavyo havina haja ya kuheshimiwa bali vina haja ya kutumiwa vizuri.

Fundi alimpenda mwanawe, na kwa sababu alimpenda alitaka kumnyosha. Alitwaa ukanda wa kitambaa kutoka katika mabaki ya ushonaji, akaufunga mkono wa kushoto kiunoni mwa mtoto wakati wa chakula na wakati wa kuandika. Shuleni mwalimu mmoja alitumia rula badala ya ukanda. Wote wawili walikuwa na methali moja ya kujitetea nayo: samaki mkunje angali mbichi. Samaki akakunjwa. Alipofika darasa la tatu aliandika kwa mkono wa kulia, mwandiko uliolala na kuyumba, na alikula kwa mkono wa kulia bila ya kukumbushwa. Lakini kazi zote ambazo hakuna mtu aliyezitazama ziliendelea kufanywa na mkono wa kushoto.

Kazi moja ilimshinda kabisa, nayo ni kukata nguo kwa mkasi wa baba yake. Mkasi una makali mawili yanayopishana. Mkono wa kulia unapoufumba, kidole gumba husukuma upande mmoja na vidole vingine huvuta upande wa pili, na nguvu hizo mbili huyabana makali yapate kugusana. Mkono wa kushoto ukiushika mkasi ule ule, nguvu hizo hizo huyatenganisha. Nguo badala ya kukatwa hukunjwa kati ya makali na kutafunwa. Mtoto hakulijua hilo, wala fundi hakulijua. Fundi aliona kitambaa kizuri kimeharibika, akasema mbele ya wateja kwamba mwanawe hana mikono. Neno hilo lilikuwa dogo kwa msemaji, kwa kuwa lilipita pamoja na hasira yake. Kwa msikiaji lilikaa miaka.

Mwishoni mwa Aprili 1994 mtoto huyu alikuwa na miaka saba. Watu waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, wapatao robo milioni kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa mahali palipokuwa na nyasi tu. Mpakani walinyang'anywa silaha, na mapanga yakarundikwa chungu chungu kando ya njia. Fundi alikwenda Rusumo siku zile, akarudi Nyamiaga bila ya kusema mengi. Nyumbani mwake silaha haikutajwa tena kwa mzaha, hata fimbo ya mtoto iliyoelekezwa kwa mwenzake kama bunduki ilivunjwa ikatiwa motoni. Mtoto alikua na hofu ya baba yake juu ya vitu hivyo, nayo ni hofu ya haki.

Miaka ikapita. Kijana akasoma, akapata kibali cha kuhamia Marekani, akawa muuguzi katika hospitali ya mji mmoja wa Texas. Huko alikutana na silaha kwa sura mbili. Usiku aliwapokea watu waliojeruhiwa kwa risasi. Na siku moja mwuguzi mwenzake alimchukua kwenda kutazama mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, mchezo unaofuata taratibu za shirikisho lililoanzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Alikwenda kwa shingo upande. Kilichomshangaza hakikuwa upesi wa washindani bali ukali wa sheria. Mtu alitolewa mashindanoni kwa sababu mtutu wake ulielekea mahali pasiporuhusiwa. Mwingine kwa sababu kidole kilikuwa katika kifyatulio alipokuwa akitembea. Hapana aliyeumia, hapana aliyekaribia kuumia, na hapana aliyebishana. Hofu aliyorithi Nyamiaga ilikutana pale na watu walioigeuza hofu hiyo kuwa nidhamu, naye akatamani kukijua kwa karibu kitu alichokuwa akikiogopa kwa mbali.

Alipoanza kujifunza, mkono uliojitokeza wenyewe ni wa kushoto. Bastola aliyochagua ilikuwa ya namna iliyobuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Namna hiyo ilifikiriwa kwa ajili ya askari wapanda farasi, ambao mkono wao wa kushoto ulikuwa na kazi ya kushika hatamu. Kwa hiyo kila kitu kiliwekwa kifikiwe na mkono wa kulia peke yake. Juu ya mpini, ubavuni kushoto, upo ulimi mdogo wa chuma. Ukiinuliwa, humzuia mpigaji asiweze kufyatua, kwa sababu kipande cha ndani kinachoishika nyundo hakiwezi kusogea. Ukishushwa kwa kidole gumba cha kulia, bastola iko tayari. Huo ndio kizuizi cha usalama. Katika mchezo ule bastola hii hukaa katika ala ikiwa na risasi, nyundo imevutwa na kizuizi kimefungwa. Anayeitia alani hali nyundo imevutwa na kizuizi ki wazi hutolewa mara moja.

Mashoto hupata njia za kuyazunguka mengi. Kitufe cha kuachia magazini, kilichowekwa kwa ajili ya gumba la kulia, yeye hukibonyeza kwa kidole cha shahada cha kushoto, na wengine husema ni upesi zaidi hivyo. Lakini kizuizi hakizungukiki. Gumba la kushoto liko ubavu wa pili, mahali pasipo na kitu. Kukifikia kizuizi humlazimu mtu alegeze mshiko wake au apitishe kidole mahali pabaya, na silaha iliyolegezwa mkononi katika dakika ya haraka ni jambo lisilokubaliwa na mtu mwenye akili.

Dawa yake ni kizuizi chenye ndimi mbili, moja kila ubavu, kitumike na mkono wowote. Katika karne ya 20 fundi mmoja wa bastola wa California, Armand Swenson, alipata jina kwa kutengeneza vizuizi vya namna hiyo, na baadaye viwanda vingi vilifuata. Viko pia viwanda vilivyotoa bastola yenye kizuizi cha mikono yote miwili tangu kiwandani, kama ile ya CZ 85 ya Chekoslovakia. Na ziko bastola zisizo na ulimi wa gumba kabisa, kama Glock iliyoanza mwaka 1982, ambayo vizuizi vyake vimo katika kifyatulio na ndani, na mpigaji hana cha kushusha. Mtu wa Nyamiaga alizipima njia hizo zote. Aliyoizoea ilikuwa ile ya 1911, kwa hiyo akashika shauri la ndimi mbili.

Hapo ndipo alipogundua ya kuwa uchaguzi haukuwa mwepesi kama tangazo la duka. Ndimi mbili hazikuchongwa katika chuma kimoja, kwa sababu haziwezi kupitishwa katika bastola namna hiyo. Ni vipande viwili vinavyokutana ndani, jino la kimoja katika tundu la kingine. Kiungo kibaya hulegea kwa matumizi, ulimi mmoja ukashuka na mwenzake ukasita. Ulimi wa kulia nao sharti uzuiwe usitoke: kwa baadhi ya miundo kipo kishikizo kinachoingia chini ya kibao cha mpini, na kibao hakina budi kuchongwa; kwa mingine ipo pini iliyorefushwa. Aidha, sehemu inayogusa kipande cha ndani huachwa nene kidogo, ili fundi aikwangue kwa tupa mpaka ilingane na bastola hiyo moja. Tupa ikipita mno, kizuizi huonekana kimefungwa nacho hakizuii. Baada ya kazi hiyo bastola tupu hujaribiwa: nyundo huvutwa, kizuizi hufungwa, kifyatulio hubanwa kwa nguvu kisha huachwa, kizuizi kikifunguliwa nyundo isianguke, wala kipande cha ndani kisiwe kimesogea hata kidogo.

Lakini ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa namna nyingine. Bastola ya mtu wa mkono wa kulia inapokaa alani, ubavu wake wa kushoto huelekea mwilini, na ulimi wa asili hukingwa na mwili. Ulimi wa pili ukiongezwa hukaa nje, upande wa ulimwengu, ambapo kiti, mlango, mkanda wa gari au mkono wa mpita njia huweza kuugusa na kuushusha. Kwa mashoto mambo hugeuka: ulimi wa gumba lake hukaa ndani, na ule wa asili, ambao yeye hauhitaji, ndio unaokaa nje. Chuma kile kile kinachomfungulia mlango kimeacha dirisha upande wa pili. Kila kitu kinachokubali mikono yote hukubali pia mkono usioalikwa.

Alishauriana na fundi, akachagua hivi: ulimi wa ubavu wa kulia, wa gumba lake la kushoto, uwe mpana ili ushuke bila ya kutafutwa, ulimi wa ubavu wa kushoto, utakaokaa nje, uwe mwembamba na mfupi, usioweza kukwaruzwa kwa urahisi, na ala iwe ya namna inayoufunika. Rafiki mmoja alimshauri auondoe kabisa ule wa nje. Alikataa, kwa sababu katika mchezo ule zipo raundi ambazo mshindani huamriwa apige kwa mkono mmoja tu, tena mkono wake dhaifu. Mkono wake dhaifu ulikuwa wa kulia, ule uliofundishwa kwa ukanda na rula. Na katika raundi hizo aliwapita wengi waliomshinda katika raundi nyingine.

Aliporudi Nyamiaga kwa likizo, bila shaka hakuja na bastola wala kipande chake. Sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha haichezewi, wala nyumba ya baba yake haikuwa mahali pa kuichezea. Alikuja na maneno tu, na maneno yenyewe yalitoka jioni moja barazani, baba yake akiwa kwenye cherehani na mjukuu wa kike wa miaka tisa, mtoto wa dada yake, akimkatia vipande vya viraka.

"Nimesikia unapiga bastola huko," mzee alisema bila ya kuinua macho. "Silaha si mchezo, mwanangu. Tuliziona Rusumo zimerundikwa."

"Ni kweli, Baba. Nami hufukuzwa mchezoni nikisahau hata siku moja kwamba si mchezo."

Mzee akataka kujua mambo yake. Mwana akamweleza sheria, akamweleza kizuizi na ndimi zake mbili, na kwa kuwa fundi huelewa kwa fundi, mzee aliuliza maswali mazuri juu ya tupa na kiungo. Aliposikia habari za raundi za mkono dhaifu alicheka kwa furaha.

"Basi nilikukunja vema! Mkono ule niliokulazimisha ndio unaokupa alama leo."

Mwana hakujibu upesi. Kwa muda mrefu alikuwa amejiuliza jambo hilo hilo, na jibu alilipata katika habari za mtu mwingine. Károly Takács alikuwa askari wa Hungaria na mlenga shabaha wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 bomu la mkono lililipuka katika mkono huo likauharibu. Akajifunza kwa siri kupiga kwa kushoto. Mwaka 1948 akapata medali ya dhahabu ya bastola katika michezo ya Olimpiki ya London, na mwaka 1952 akaipata tena Helsinki. Naye alikuwa mtu wa mikono miwili, na mkono wake wa pili ulifunzwa kwa taabu. Lakini hapana mtu aliyemwambia kwamba mkono wake wa kwanza ulikuwa aibu.

"Mkono wa kulia unanipa alama, Baba, na kwa hilo nashukuru," alisema hatimaye. "Lakini ulipoufunga wa kushoto sikuongeza mkono. Nilipunguza mmoja. Nimeurudisha nikiwa mtu mzima, na kazi ya kuurudisha ilikuwa kubwa kuliko ya kuufunga. Tena uliniambia mbele ya watu kwamba sina mikono."

Cherehani ikasimama. Mzee hakulikumbuka neno hilo, na kutolikumbuka kulimwumiza kuliko kama angalilikumbuka. Wakati huo mjukuu, ambaye alikuwa amehamisha mkasi kutoka mkono hadi mkono akiwatazama wakubwa, aliutia kushoto na kujaribu tena. Kitambaa kikakunjwa kati ya makali. Upesi akauficha mkono nyuma.

"Lete," mzee alisema. Alitwaa mkasi, akautia katika mkono wake mwenyewe wa kushoto, akakata. Kitambaa kikakunjwa. Akakata tena, kikakunjwa tena. Fundi wa miaka hamsini, aliyekata nguo za arusi na za maziko za Nyamiaga nzima, alikaa na mkasi mkononi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Haukati," alisema.

"Haukati, Baba. Ndivyo ulivyofanywa. Ipo mikasi iliyogeuzwa makali, nitakuletea. Kwa sasa avute gumba kuelekea kiganjani badala ya kulisukuma, makali yatagusana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikata ulipokwenda sokoni."

Mzee alitafuta bisibisi katika mtoto wa meza, akaukaza msumari wa mkasi nusu ya mzunguko, akaufungua na kuufumba karibu na sikio, akaukaza tena kidogo. Ndipo akampa mjukuu katika mkono wa kushoto.

"Vuta gumba kama anavyosema mjomba wako. Nawe sikiliza: mkasi huu sasa umebana. Utakata nguo upesi, na kidole upesi vilevile. Tazama unakokwenda."

"Ndiyo, Babu."

Mtoto akakata. Mstari haukunyoka sana, walakini kitambaa kiligawanyika vipande viwili, na mzee akaviokota vyote viwili, akavitazama mbele ya taa, akaviweka pamoja na vile alivyokata mwenyewe.

Watu wenye kusema samaki mkunje angali mbichi husema kweli kuhusu samaki. Kuhusu chombo ipo kweli nyingine: tupa inapohitajika, sharti ijulikane kwanza inapita juu ya nini. Chuma hukwanguliwa kikalingana na mkono, nacho hakilii. Na mkono uliopewa njia uambiwe siku ile ile hatari ya njia hiyo, kama alivyoambiwa mtoto wa Nyamiaga, ili uhuru wake usiwe ulimi ulioachwa nje bila ya kifuniko.